Siku Mama Aliponyamaza Ukumbini

Mtaa wetu ulikuwa pembeni mwa Kitale, upande wa barabara iendayo Kiminini, mahali ambapo nyumba za mji ziliishia na mahindi yakaanza. Asubuhi baridi ilituuma vidole hata tukashindwa kufunga vifungo vya sweta. Baba alikuwa karani katika ghala la mahindi, mama alishona nguo, na majirani walikuwa manesi, makanika, walimu na wenye vioski. Kila nyumba ilikuwa imetoka kwingine. Sisi, kwetu kulihesabiwa kuwa Kabuchai, Bungoma, alikokaa nyanya yetu, ambaye kwa lugha yetu tulimwita kukhu. Tulienda huko Disemba na wakati wa matanga. Lakini mimi nilizaliwa Kitale, na watu walionilea walikutana ukumbini.

Ukumbi wa mtaa ulikuwa jengo refu la mawe lenye sakafu ya mbao iliyong'aa, kwa sababu sisi watoto tuliisugua kwa matako tukiteleza. Asubuhi ulikuwa shule ya chekechea. Mara moja kwa mwezi nesi alikuja kupima watoto wachanga kwa mizani iliyoning'inizwa kwenye boriti. Jumatano mchana kina mama walileta cherehani zao. Jumapili makanisa mawili yaliyokosa majengo yalipokezana, na mahubiri ya kwanza yakizidi muda, wale wa pili walianza kuimba wakiwa nje, kuwakumbusha wenzao. Mtu akifa mtaani, mipango ya mazishi ilifanyiwa hapo hapo.

Ufunguo ulikaa kwa mwalimu wa chekechea. Tulimwita Ticha, na wazazi wetu nao walimwita Ticha. Jamaa zake walikuwa wametoka sehemu za kati za nchi, baba yake akanunua kipande cha shamba karibu na mlima, na kaka yake bado alilima huko. Hakuwa na mume wala mtoto, na jambo hilo lilisemwa sana mtaani, ingawa si mbele yake. Alikuwa na sauti ya chini. Ukimpiga mwenzako, alikuamuru umshike mkono mpaka kengele ya mapumziko ilie, na kufikia hapo mlikuwa mmeshasahau ugomvi au mmeuongeza. Mimi nilijifunza kusoma kwake mwanzoni mwa miaka ya themanini. Yeye na mama waliitana dada. Jumatano walikaa benchi moja, mmoja akikata kitambaa, mwingine akishona, na sikumbuki siku waliyokosana.

Ghasia za kikabila zilipokuja, mwanzoni mwa miaka ya tisini, nilikuwa na miaka kumi na mitano. Kwanza tuliona moshi upande wa mlima. Kisha watu wakaanza kufika, wamebeba magodoro, masufuria na kuku waliofungwa miguu. Ticha alifungua ukumbi bila kuuliza mtu. Kwa siku mbili ukajaa, na chekechea ikahamia nje barazani. Miongoni mwa waliokuja alikuwa kaka yake, na mkewe na watoto wanne. Nyumba yao ilikuwa imechomwa. Huyo kaka aliketi ameegemea ukuta.

Siku ya tatu, alasiri, mvua ikinyesha, alikuja mwanamke mwenye mtoto mgongoni na msichana mdogo aliyebeba mtungi wa plastiki. Alipotoa salamu tu, kila mtu alimjua kwa matamshi yake kuwa ni wa jamii ya mlimani, jamii ambayo waliokuwa ndani walisema ndiyo iliyowachomea. Alieleza kwamba mumewe alikuwa mtu wa Bungoma, na hajulikani aliko. Kwao walikuwa wamemfukuza kwa ajili ya mume huyo.

Kamati ya ukumbi ilikuwa hapo, watu watano, mama akiwa mmoja wao. Walikuwa wamekaa kwenye vibenchi vya watoto, magoti juu, maana viti vingine vilikuwa vimetolewa nje. Mimi nilikuwa nimeketi kando ya mama.

"Huyu hawezi lala hapa," alisema mwenyekiti, mzee mmoja mstaafu ambaye siku zote tulimwona mpole. "Watu wako na uchungu. Akikaa, mimi siwezi jua nini itafanyika."

"Ameshaingia," Ticha alisema.

"Basi atoke. Kama ni kulala, kila mtu alale na watu wa kwao."

"Hapa nimepanga watu vile napanga darasa," Ticha alimjibu. "Wazee wako pale. Wenye watoto wachanga wako huku kwa ukuta, mbali na mlango. Huyu ako na mtoto mchanga. Nafasi yake ni huku."

"Ticha, hata ndugu yako amechomewa. Si umuulize yeye?"

Watu wote waligeuka kumtazama kaka yake Ticha. Aliangalia sakafu.

Ndipo Ticha akamgeukia mama. "Dada, wewe unasemaje?"

Niliona mdomo wa mama ukifunguka kidogo. Nilingoja. Nilikuwa na hakika atasema, kwa kuwa nyumbani hakuwa mtu wa kukosa neno. Lakini aliitazama mikono yake, akaifunika kwa leso, na akabaki hivyo. Ticha alimngoja pia, muda mrefu kuliko nilivyoweza kuvumilia. Kisha akaenda mlangoni, akaupokea mtungi kwa yule msichana, akamwongoza yule mwanamke mpaka ukutani. Hakuna aliyemzuia. Mwenyekiti aliinuka akatoka, mvua ikimnyeshea. Baada ya kitambo kaka yake Ticha naye aliinuka, akalivuta godoro lake mpaka karibu na mlango. Mpaka leo sijui kama alikuwa anampisha yule mwanamke au anamkimbia.

Wiki haikuisha kabla baba hajaamua twende Kabuchai. Yeye alibaki kwa sababu ya kazi. Pikapu iliyotubeba ilipita mbele ya ukumbi, na Ticha alikuwa barazani na watoto wake. Niliinua mkono. Mama alitazama upande wa pili.

Kukhu alitupokea bila maswali. Nyumba yake ilizungukwa na miwa, na mwanzoni nilihisi kama nimefungiwa, nisiweze kuona anayekuja. Nilimalizia masomo Bungoma, nikapata kazi kwenye duka la dawa mjini. Baba alistaafu akaja. Hatukurudi tena kuishi Kitale. Mama aliendelea kushona, lakini nikitaja mtaa wetu wa zamani alipata kazi ya kufanya chumba kingine.

Mwishoni mwa miaka ya tisini aliugua. Asubuhi moja nilipokuwa namwogesha, alisema, "Nenda Kitale unitafutie Ticha."

"Nimwambie nini?"

"Mwambie siku ile nilikuwa na neno. Nilikuwa nalo mdomoni. Niliogopa majirani."

Nilikwenda. Ukumbi ulikuwa umezungushiwa ukuta na lango la chuma, na ndani mtu alikuwa ameweka saruji na mabomba ya kuuza. Nilimuuliza mlinzi ni nani aliyeuuza ukumbi. Akasema alipoajiriwa aliukuta hivyo. Nilisimama pale nikijaribu kukumbuka madirisha yalikuwa mangapi, nikashindwa. Nesi aliyekuwa akipima watoto, sasa mzee, ndiye aliyenielekeza Kiminini, na huko nikamkuta Ticha kwenye baraza la kanisa na watoto wapatao kumi. Nywele zilikuwa nyeupe. Alinitambua kabla sijajitaja.

Nilimpa maneno ya mama kama nilivyoyapokea. Akasema, "Nilimngoja. Sio siku hiyo pekee. Nilimngoja mwaka mzima, aje ama aandike barua." Akavuta pumzi. "Shamba letu lilichomwa na watu sikuwajua. Mama yako nilimjua."

Aliwaaga watoto mmoja mmoja walipochukuliwa na wazazi wao, akafunga daftari. "Kesho ni Jumamosi," alisema. "Nitakuja."

Alikuja kweli, kwa miguu kutoka barabarani, viatu vimejaa matope. Aliingia chumbani kwa mama na mlango ukafungwa. Nilisikia sauti zao lakini sikusikia maneno, na sikujaribu. Nilipopeleka chai, mama alikuwa amelia, na Ticha alikuwa anamkata kucha, amekishika kila kidole kana kwamba ndiyo kazi pekee iliyomleta.

Mama alifariki wiki tatu baadaye. Ticha alikuja mazishini. Walipomwita azungumze kama rafiki wa marehemu, alisimama akasema walishona pamoja miaka mingi, akaketi. Baadaye nilimsindikiza kuelekea stejini, kituo cha magari cha Chwele, soko la karibu na kwetu. Siku hiyo ilikuwa ya soko, njia imejaa watu na mbuzi, tukatembea polepole. Nilimuuliza jambo nililolibeba tangu nikiwa na miaka kumi na mitano: alipata wapi ujasiri wa kumpokea yule mwanamke, na kaka yake ameketi pale pale.

"Mtoto wake alikuwa anakohoa," alisema. "Ningemrudishaje kwa mvua?"

Nikamuuliza walikwenda wapi baada ya hapo. Alisema walikaa siku tisa, wakaondoka asubuhi moja wakati yeye alipokuwa akifundisha, na hakuwahi kusikia habari zao tena. Gari la Kitale likaja. Akaniambia nirudi haraka nikawasaidie wenzangu, maana wageni walikuwa bado wanakula, nami nikarudi.