Jina la Profesa Lilivyotangulia

Siku yangu ya kwanza kazini nilikwenda Bofu, kwetu, kuchota maji ya watu wanaonijua. Nilikuwa nimevaa koti jeupe la maabara lililonipita magoti, majirani wakanicheka. "Zuhura, ushakuwa daktari leo?" Nikawaambia mimi ni msaidizi wa utafiti. Kazi yenyewe ishakwisha. Wazee wakistaafu huandika kumbukumbu zao. Mimi nimestaafu na gego la mwisho halijaota. Naandika kwa sababu nina hasira, na kwa sababu nyinyi mnaomaliza shule sasa mtaitwa kwenye kazi kama ile. Mjue mnaitwa wapi.

Bosi wangu alikuwa Daktari Salma, mtoto wa Kisauni, mhadhiri mpya chuoni. Swali lake lilikuwa jepesi kulisema: visima vya Bofu vinazidi kuingia chumvi, na wajawazito wa Bofu wanashikwa na presha. Je, ni hayo maji?

Kuchota kuna utaratibu wake. Mwenye kisima huchota ndoo ya kwanza akaimwaga, kwa kuwa hayo ni maji yaliyolala. Ndoo ya pili ndiyo yetu. Chupa husuuzwa kwa maji yale yale, ikajazwa mpaka isibaki hewa, ikaandikwa jina la kisima, ikatiwa kwenye boksi la barafu. Chupa hiyo ndiyo sampuli, maji machache yanayosimama badala ya kisima kizima.

Kisima cha kwanza kilikuwa cha Bi Rehema. Alinitazama weee.

"Mwanangu, hayo maji wayaosha ama wayapima?"

"Nasuuza chupa, bibi."

"Haya. Mkishajua yana nini, nijie mie kwanza. Mjukuu wangu ana mimba, na miguu ishaanza kumvimba."

Nikamuahidi.

Kijimashine chetu cha mkononi kilituambia chumvi ipo, jambo ambalo hata ulimi unalijua. Kama chumvi hiyo yamdhuru mama na mimba yake, hicho hakisemi. Hapo yatakiwa maabara, na maabara yataka ruzuku. Chuo kina ruzuku waiitayo ya mbegu: fedha ndogo za mhadhiri anayeanza, apate matokeo ya kwanza, maana wafadhili wakubwa hawamsikilizi mtu asiye na matokeo. Profesa haihitaji, mbegu zake zimeota zamani. Anayeongoza kazi huitwa mtafiti mkuu, na jina lake ndilo huandikwa juu.

Sasa Mwenyekiti wa Idara, ambaye ni profesa, akasikia Daktari Salma anaomba. Akatuita ofisini.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba, mwanangu Salma. Nimefurahi. Hebu niambie, kwenye sinia nani hutia mkono kwanza?"

"Mkubwa, Profesa."

"Basi umenifahamu."

Akatuagizia chai ya tangawizi, akauliza hali za wazazi, tukatoka tunacheka. Daktari Salma akaandika jina la Profesa juu kama mtafiti mkuu, lake chini. Amelelewa hivyo. Pale ofisini hakuna aliyeshtuka, sote tuliona ni adabu.

Aliyeshtuka ni Mkurugenzi wa Utafiti, mama mmoja asiyependa maneno mengi, ambaye ndiye msimamizi wa ruzuku zote. Asubuhi moja akatuita.

"Daktari, kamati imeipenda kazi yako. Lakini mtafiti mkuu ni profesa, na hii ni ya wanaoanza. Niitupe?"

"Usiitupe, mama."

"Basi Mwenyekiti atie sahihi kwamba kazi ni yako. Mstari mmoja tu. Mwisho ni leo, kabla ofisi hazijafungwa."

Tulimfuata Profesa hadi Port Reitz, kwenye harusi ya mpwa wake, tukamkuta mkekani na wazee wenzake. Daktari Salma akapiga magoti na karatasi yake. Profesa akaisoma polepole.

"Yaani nitie sahihi kwamba mimi sihusiki?"

"Si hivyo, Profesa. Ni kanuni ya ruzuku."

"Salma, mambo ya ofisi hayaletwi harusini. Kesho, inshallah."

Mimi sikuweza kujizuia. "Kesho itakuwa imefungwa, Profesa."

Akanigeukia kana kwamba hajapata kuniona. "Na huyu nani?"

"Msaidizi wangu."

"Mfunze."

Wazee wakacheka. Daktari Salma akasema, "Samahani, Profesa," akanishika mkono, tukatoka.

"Umeomba samahani ya nini?" nikamuuliza pale nje.

"Zuhura, yeye ndiye atakayeandika ripoti ya kunithibitisha kazini. Wataka nifanyeje?"

Ruzuku ikatupita. Chupa zetu zilikaa kwenye friji mpaka maji yakapitwa na wakati, maabara haiyapokei tena, tukayamwaga kwenye sinki. Kandarasi yangu ikaisha. Na Daktari Salma hataomba tena, kwa sababu kanuni huhesabu tangu siku uliyoajiriwa, naye muda wake wa kuitwa anayeanza umekwisha. Wakati wa kumpa Profesa nafasi alikuwa mdogo, wakati wa kuomba tena ashakuwa mkubwa. Wallahi, hilo ndilo linaloninyima raha.

Watu huniambia, punguza kiherehere, heshima ni mila yetu. Mila naijua, mimi ni mtu wa Bofu. Kwenye sinia mkubwa hutangulia, kweli, lakini nyama humegea watoto. Nimeona babu yangu akimega mpaka kwake pakabaki wali mtupu. Huyu wetu alitia mkono kwanza, akalikalia sinia.

Juzi nimekutana na Bi Rehema dukani.

"Zuhura, yale maji yana nini?"

"Sijui, bibi. Hayakupimwa."

"Hayakupimwa? Si uliyachota mwenyewe, na koti lako?"

"Profesa hakutia sahihi."

Akaweka unga wake chini.

"Mjukuu wangu amelazwa. Presha. Nesi aniuliza hunywa maji gani, nami sijui nimjibu nini." Akanitazama. "Huyo Profesa wenu, yeye hunywa maji gani?"

"Ya chupa, bibi."