Simbilisi Niliowanyima Madini Wakanenepa Kuliko Niliowapa

Naombeni msinicheke mpaka nimalize.

Jumamosi ile niliwapima simbilisi wangu mara tatu, nikabadilisha betri za mizani, nikapima tena. Jibu lilikuwa lile lile. Wale niliowanyima madini walikuwa wamewapita uzito wale niliowapa.

Macho yalinitoka pima.

Nirudi nyuma kidogo. Nilikuwa nafuga simbilisi ishirini kwenye stoo ya mama mkwe. Mama alikuwa mpishi mkuu wa shule ya bweni kwa miaka thelathini, na huwa hazunguki mbuyu.

"Mkwe, nakupa miezi miwili," aliniambia. "Wakinenepa, wanabaki. Wakiendelea kuwa kama brashi za viatu, nataka stoo yangu."

Sikuwa na pengine pa kuwapeleka. Nikakimbilia kwa bwana mifugo, akaniambia niwatilie unga wa madini kwenye pumba, kijiko kimoja kila asubuhi.

Hapo ndipo nikajifanya mtaalamu. Kumi banda la kulia wapewe, kumi banda la kushoto wasipewe, nione tofauti. Nikamweleza Mama kila kitu, maana nikiwa kazini yeye ndiye aliyewawekea maji.

"Hawa wa kushoto wamekosa nini?" akauliza.

"Hawajakosa kitu, Mama. Ni utafiti tu."

Akanitazama kama niliyemwaga chakula cha shule nzima.

Wiki ya tano ndiyo mizani ikaniumbua. Wa kulia, wenye madini yao, mbavu unazihesabu. Wa kushoto wamejaa mpaka wanaona uvivu kugeuka. Nikampigia bwana mifugo.

"Hao wa kushoto kuna mtu anawalisha," akasema, akakata simu.

Jumatatu iliyofuata nikaweka pumba, nikaaga kwamba naenda kazini, kisha nikarudi kimya kimya na kujikunja nyuma ya magunia.

Saa nne asubuhi Mama akaingia. Kavaa aproni, beseni kiunoni, upawa mkononi.

"Haya, mlionyimwa, njooni mbele."

Akawamwagia maganda ya karoti na majani ya viazi. Akafungua kopo langu la madini, akawapimia vijiko viwili. Halafu akageukia banda la kulia, akachota pumba zao zenye madini, akahamishia kushoto.

"Nyie ndio mnaopendelewa," akawaambia. "Mtangoja."

Wa kulia wakapiga kelele. Mimi nikapiga chafya.

Wala hakushtuka. "Toka huko, mkwe, pumba zitakuingia masikioni."

Nikatoka nimejaa vumbi mpaka kwenye nyusi. Nilisikia aibu, jamani.

"Mama, umeniharibia utafiti."

"Miaka thelathini nimegawa chakula. Hakuna mtoto aliyekaa mbele yangu akimtazama mwenzake anakula. Leo wewe uje na kijiko chako unibagulie?"

"Lakini hawa wa kulia nao wamekonda."

Akainama, akawatazama mmoja mmoja. Nikaona uso umembadilika.

"Hapo nimezidisha," akasema polepole.

Siku hiyo hiyo akang'oa ubao uliotenganisha mabanda, akawachanganya wote, akaanza kuwapimia mwenyewe. Kila mmoja fungu lake, na madini yake.

Miezi miwili ilipotimia, hakukuwa na mbavu za kuhesabu. Nilimfuata Mama jikoni karibu nikicheza.

"Wamenenepa wote ishirini, Mama."

"Basi wanabaki." Akanyoosha mkono. "Lete ufunguo wako wa stoo."

"Kwa nini tena?"

"Tulikubaliana wakinenepa wabaki wao. Wewe hatukukutaja."

Mke wangu alikuwa amesimama pale pale. Nikamwangalia anitetee. Akaendelea kukausha sahani.

Siku hizi naruhusiwa kuwaona simbilisi Jumapili, nikishanawa mikono.

Kama yale madini yanasaidia kweli, mpaka leo sijui. Nilichojifunza ni hiki: ukitaka kupima nani ale na nani akose, usifanyie nyumbani kwa mpishi.