Mgeni wa Rozari

Kaka yangu Thadeus, fundi redio pale Voi, alikuwa na mfalme asiyekuwepo popote. Simu ndiyo iliyomponza. Humo alikuta chama cha Wakatoliki wanaotaka nchi zirudishiwe wafalme waliobarikiwa, na misa iwe ya Kilatini tu. Nikamcheka. "Turudishiwe mfalme yupi, Thade? Sisi Wadawida tulikuwa naye lini?" Hakucheka. Kura aliacha kupiga. Yeye na Munyao wa duka la dawa wakaapa mbele ya msalaba: hawatasali kwa lugha nyingine ila Kilatini mpaka mfalme avikwe taji.

Haya. Mama naye alikuwa kijijini Kasigau, macho yamekufa, kifua kimembana. Tangu utotoni Thade ndiye aliyetuongoza rozari nyumbani, kwa Kidawida. Sasa Mama aliomba kitu kimoja tu. "Niitie Thade anisalishe. Nikishamsikia, nitapumzika."

Akaja na pikipiki, vumbi mpaka kwenye kope. Nikamvuta jikoni.

"Kwa Kidawida, Thade. Leo tu."

"Dada, niliapa."

"Uliapa kwa mfalme hewa! Mama yuko hapo ndani, anakufa!"

Machozi yalimtoka, nasema kweli, lakini akaingia na kiapo chake. Akapiga magoti, akamshika Mama mkono, akaanza: Ave Maria, gratia plena. Ilikuwa sauti nzito ya kujifunza kwenye simu, si ile yetu. Mama akasikiliza kwa adabu.

"Wakesho, mshukuru mgeni, mpe chai. Halafu niitie Thade."

"Mama, huyu ndiye Thade."

"Usinidanganye, mwanangu. Thade husali kwa Kidawida."

Nikamtazama kaka yangu. Ee Mungu, neno moja tu! Akaniinulia kidole ningoje, kwa sababu fungu la rozari halikatizwi katikati. Mama mwenyewe alitufundisha hivyo, na fimbo alikuwa nayo. Basi akaendelea mpaka Salamu Maria ya kumi.

Ndipo akainama sikioni mwa Mama, akasema kwa Kidawida, "Mama, ni mimi." Akarudia. Pumzi ya Mama ilikuwa imeshakatika. Akapiga kelele, majirani wakaja mbio.

Siku hizi husali kwa Kidawida kaburini, na Munyao hamsalimii tena. Mimi nimejaribu kumsamehe, nashindwa. Mama alikufa akimngoja mtu aliyemshika mkono.