Sikio Kwenye Tangi

Juzi nilimwona fundi akichomeka kompyuta kwenye gari, nikamkumbuka Mzee Nyaundi wa Suneka, aliyetumia sikio. Nilipokuwa mtoto, gari kuukuu la baba, mwalimu wa shule, lililonuka rangi mpya, lilikuwa limetiwa injini ya kisasa na sasa lilikataa kuwaka. Harusi ya shangazi ilikuwa kesho yake.

“Nyamazeni! Mwalimu, geuza ufunguo.”

Mzee aliinama, akabana sikio kwenye tangi la petroli. Nyanya alikuwa akimsikiliza ng'ombe mwenye mimba vivyo hivyo.

“Pampu ya humu ndani imenyamaza. Mwalimu, umepaka rangi hata mahali pa kufungia waya! Umeme upite wapi?”

“Nilitaka lipendeze.”

Aliikwangua rangi, akafunga waya. Tangi likavuma kama nyuki, injini ikaitika, baba akacheka. Mimi nilichungulia chini ya gari mpaka jioni, nikisubiri ndama.