Kaniki Melini

Mwaka ule pamba ya mume wangu ilishinda pamba zote za upande wetu wa Samuye. Nasema ya mume wangu kwa sababu jina lililosomwa kwenye mkutano lilikuwa lake. Kupalilia tulipalilia wote.

Chama cha ushirika kikatoa zawadi. Wakulima bora wa Shinyanga, Kahama na Geita, kila mtu na mkewe, wapande meli Mwanza na kulizunguka ziwa lote hadi kurudi Mwanza. Ilikuwa miaka ya sitini ikielekea mwisho. Mimi nilikuwa sijawahi kuona maji yasiyo na ng'ambo.

Bwana shamba alikuja nyumbani kutueleza, maana yeye ndiye angetuongoza. Akasema, "Mchana vaeni mnavyotaka. Lakini kengele ya jioni ikilia, mle kwenye chumba cha kulia haingii mtu na nguo za kushindia. Watu hubadilisha."

Mume wangu akacheka. "Kubadilisha nguo ili mtu ale? Sisi hapa tunabadilisha tukienda kuzika."

Alicheka, lakini Jumamosi alikwenda mjini akanunua kitambaa cha buluu, akanipeleka kwa fundi. Alisimama pale pale kando ya cherehani akibishana. "Usimkatie mikono mifupi. Mke wangu si karani." Fundi akasema jioni za melini ni mikono mifupi. Wakavutana mpaka ikaja mikono ya kufika kwenye kiwiko. Hilo ndilo lilikuwa gauni langu la jioni. Nililijaribu mara moja, akaniambia nigeuke, nikageuka, akasema basi, livue lisichafuke.

Kiangazi cha mwaka ule ule akashikwa na tumbo. Hakukaa sana hospitali.

Kwa desturi ya nyumba yake, mjane hufungwa kaniki, na kaniki hiyo haitoki mwilini mpaka ndugu wakutane, anyolewe, msiba uishe. Kwangu mimi walisema itakuwa baada ya mavuno yanayofuata. Sikulalamika. Nilikuwa mtu wa misheni, nina msalaba wangu kifuani, lakini nilikuwa nimeolewa kwenye nyumba ile na desturi zake.

Safari ilipokaribia, shemeji yangu, mdogo wake marehemu, akasema zawadi ni ya kaka yake, kwa hiyo inafaa aende yeye. Bwana shamba akakataa. Akasema zawadi ni ya nyumba, na watoto wakiwa shule ya bweni, aliyebaki ndani ya nyumba ni mke. Shemeji akanyamaza mbele za watu. Jioni akanijia jikoni, hakukaa.

"Shemeji, nenda. Ila nguo yako ni hiyo uliyofungwa. Ukiivua huko kabla hatujakunyoa, umejitoa mwenyewe kwenye nyumba hii. Na lile shamba litarudi kwetu."

"Nani atakayekuwa ananiangalia huko?"

"Rafiki yangu anakwenda."

Rafiki yake alikuwa jirani yetu, mkulima naye, aliyeshinda na kupewa nafasi pamoja na mkewe kijana. Basi nikajua. Nikafunga mzigo wangu: kaniki ya kubadilisha, khanga ya kulalia, na lile gauni. Kwa nini nililitia gauni sijui. Nilikwishalikunja kabla sijafikiri.

*

Melini wanawake tulilazwa wawili wawili. Mimi niliwekwa na mke wa jirani. Alikuwa binti mcheshi, amenyoosha nywele kwa kitana cha moto, na alikuja na sanduku zima. Kengele ya jioni ya kwanza haijalia, tayari ametandika magauni kitandani kama muuza mitumba.

"Mayu, nivae lipi? Hili jekundu au hili la maua?"

Kwetu mayu ni mama. Aliniita hivyo kwa heshima, ingawa sikuwa nimemzidi kwa mengi.

"Vaa la maua. Jekundu utafanana na bendera ya hatari."

"Na wewe je?"

"Mimi nimeshavaa."

Akanitazama nilivyofunga kaniki kifuani, nyingine begani, na kitambaa cheusi kichwani. Akavaa viatu vyake vya visigino, tukatoka, yeye akishikilia ukuta kwa sababu meli ilikuwa inacheza.

Chumba kile kilikuwa na taa nyingi na meza zenye vitambaa vyeupe vilivyopigwa pasi. Wanaume wamefunga tai. Wanawake wameng'aa, kila mmoja anamkagua mwenzake kuanzia juu hadi chini. Niliingia, na wale wa upande wetu wakanyamaza. Wahindi na watu wa Bukoba waliendelea kuongea. Wao kitambaa cheusi hakikuwaambia kitu. Wasukuma ndio walionyamaza. Nilikaa kwenye meza moja na mzee wa Kagongwa. Akachukua gilasi yake, akachukua kijiko chake, akahamia meza nyingine bila kuniangalia. Mke wa jirani alitaka kuja. Mumewe akamwita kwa macho.

Mhudumu peke yake ndiye aliyenisogelea. "Supu, mama?"

"Lete."

Nikala peke yangu kwenye meza ya watu sita. Nilidhani wanaheshimu msiba wangu. Nilidhani hivyo usiku mzima.

Asubuhi, nikiwa nimekaa nje naangalia maji, mwanamke mmoja wa kutoka Geita akaja. Akapiga magoti, akapiga makofi polepole, kichwa ameinamisha. Hakuna anayemwamkia hivyo mwanamke wa kawaida. Hivyo huamkiwa mfumu, mganga wa kwetu, yule anayevaa nyeusi na kusema na waliokufa.

"Mayu, nina miaka mingi kwenye ndoa na tumbo halijashika. Nitazamie."

"Nikutazamie nini? Inuka."

"Usinifukuze. Nitaleta kuku tukifika nchi kavu."

"Mimi ni mjane. Hii ni kaniki ya msiba. Mimi ni Mkatoliki, huu hapa msalaba."

Akautazama msalaba bila kushangaa. "Hata mfumu wa kijijini kwetu anao."

Nikainuka mimi, kwa kuwa yeye hakuinuka. Kabla ya mchana akaja mwanamume, naye wa Geita, mlimaji wa pamba lakini moyo wake uko kwenye mashimo ya dhahabu. Huyu hakupiga magoti. Alisimama akiangalia ziwa, kana kwamba anaongea nalo.

"Mama, nina shimo. Wenzangu kulia na kushoto wanapata, mimi natoa udongo tu. Kuna mtu kalifunga?"

"Labda umechimba pasipo na kitu."

Akaitikia kwa kichwa taratibu kama niliyemfunulia siri kubwa, akaenda zake. Baadaye nikasikia anawaambia wenzake, "Amesema nihamishe shimo."

Ningekuwa na mtu wa kucheka naye ningecheka. Mume wangu angecheka mpaka akae chini. Lakini hakuwepo, na wengine wote walikuwa wakiniogopa au wakinihitaji, na mtu wa namna hiyo huwezi kumgeukia ukasema, umesikia kichekesho hiki?

Baada ya kuondoka Bukoba upepo ukaja. Maji yakapanda, watu wakatapika, vikombe vikavunjika jikoni. Upepo ulipotulia, bwana shamba akanifuata. Alikuwa kijana msomi na aliona aibu kusema alichotumwa.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba. Sema."

"Watu wanasema upepo ni wako."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi najua upepo ni upepo. Lakini hawa ni wageni wangu, na wanaogopa kula. Nakuomba jioni hii uvae nguo ya rangi. Yoyote. Au kama huwezi, nitaagiza chakula chako kiletwe chumbani."

"Chumbani wanaletewa wagonjwa. Mimi siumwi."

"Basi badilisha nguo, mama yangu. Jioni moja tu."

Jirani yetu alikuwa ameegemea chuma cha ukingo wa meli pale karibu, amesikia kila kitu. Akasema bila kugeuka, "Mimi sina neno na mtu. Nina macho tu. Nitakachokiona ndicho nitakachokwenda kusema."

Bwana shamba hakuelewa. Mimi nilielewa.

*

Chumbani mke wa jirani alikuwa ameufungua mzigo wangu. Alikuwa akitafuta sindano, alisema. Gauni la buluu lilikuwa mkononi mwake.

"Mayu! La nani hili?"

"Langu."

"Zuri hivi, na unakaa umefungwa kama mkaa! Vaa hili. Utaona watakavyokaa na wewe. Nitamwambia mume wangu asiseme kitu."

"Mumeo akiambiwa asiseme ndipo atasema."

"Nitamlisha ashibe, asahau."

"Mtu aliyetumwa hasahau kwa kushiba."

Akacheka, kisha akaona sicheki. Akakaa kitandani kwake na gauni magotini. Nilimweleza yote, shemeji, shamba, kunyolewa. Alisikiliza vizuri kuliko nilivyomtegemea.

"Kwa hiyo ukilivaa umelipoteza shamba. Na usipolivaa?"

"Usipolivaa unakula peke yako."

"Unaweza kula peke yako hadi Mwanza?"

"Nitakula peke yangu miaka mingi. Acha nianze kuzoea."

Kengele ikalia. Nikajitazama kwenye kioo kidogo cha ukutani. Nilichofanya ni kuosha uso, kukaza kaniki, na kuutoa msalaba nje uonekane. Nikaingia. Kule kunyamaza kukaja tena. Safari hii sikukaa. Nilisimama nyuma ya kiti nikasema kwa Kisukuma, kwa sauti ya kutosha meza zote, kwamba mimi si mfumu. Kwamba mume wangu ndiye aliyeshinda kwa pamba, amekufa kiangazi hiki, na mimi nimekaa kwenye nafasi yake. Kwamba sina dawa ya mimba, sina dawa ya shimo, na upepo siujui unakotoka. Anayetaka kukaa na mjane, viti hivi viko wazi.

Nikakaa nikangoja.

Yule mwanamke wa Geita alinitazama kwa hasira, kama niliyemla kuku wake. "Kumbe mjane tu," akamwambia mumewe. Wengine waliinamia sahani. Mzee wa Kagongwa alisema, "Pole sana, mama," akasema kwa moyo, nilimsikia, lakini hakuhama alipokuwa. Kwetu mtu hapendi kula na mjane ambaye hajanyolewa. Kifo bado kiko kwenye nguo yake, wanasema. Nilikuwa nimelisahau hilo, au nilidhani juu ya maji halitavuka.

Tangu hapo hakuna aliyekuja kupiga magoti, na hakuna aliyekuja kabisa. Walipodhani mimi ni mganga angalau walinijia na shida zao. Walipojua ni mjane waliniachia ziwa lote. Kisumu watu walishuka kununua vitu, wakarudi wakionyeshana, mimi nimekaa mahali pale pale. Kila jioni kengele ikilia nilikaza kaniki, nikaenda, nikala, nikamshukuru mhudumu. Swali la nivae nini lilikwisha. Wenzangu bado walikuwa nalo, nilikuwa nikiwasikia kupitia ukuta wakiazimana shanga.

Jioni ya mwisho, tumeiacha Musoma, mke wa jirani alikuwa amekaa na sanduku wazi, amenuna.

"Nimeyamaliza yote. Nikirudia watasema nimerudia."

"Warudie wao kusema."

"Mayu, wewe huelewi. Wale wanawake wananihesabia."

Nikalitoa gauni la buluu nikamtupia mapajani. "Vaa. Usilimwagie mchuzi."

Akanitazama. "Hili? Mimi?"

"Limeshonwa kwa ajili ya jioni za hapa. Halina kazi nyingine."

Lilimbana kidogo kifuani, mikono ikamfika sawasawa kwenye kiwiko. Nikamwambia ageuke. Akageuka. Nikamwambia twende, kengele imelia. Mezani nilikaa upande wangu peke yangu, na gauni likakaa upande ule, kwenye mwanga, likila samaki na kucheka na watu. Nililiangalia muda mrefu. Fundi alikuwa ameikosea shingo kidogo. Hatukuiona siku ile.

Kesho yake Mwanza niliposhuka nilimwachia.

*

Ndugu walikutana baada ya kurudi kwetu, si kwa kuninyoa bado, ila kusikia habari za safari. Shemeji akamwita rafiki yake mbele ya wazee.

"Sema ulichokiona."

Jirani alikuwa mtu mgumu lakini hakuwa mwongo. Akasema, "Hakuivua. Walimwogopa, hakuivua. Walimtenga, hakuivua. Bwana shamba alimwomba, hakuivua."

"Hata jioni?"

"Hasa jioni."

Mzee mmoja akasema basi, maneno yamekwisha, mwanamke ana shamba lake. Shemeji akachukua kofia yake akaondoka bila kuaga.

Mvua za kwanza zilipolowesha ardhi nikaenda kupanda. Pamba inapandwa na watu wawili. Mmoja anatangulia na jembe anachimba mashimo, wa pili anafuata na mbegu, anatia, anafukia kwa mguu, na mnaongea mkienda. Watoto wangu walikuwa shuleni. Jirani na mkewe walikuwa kwenye shamba lao, niliwaona kwa mbali, yeye mbele, mkewe nyuma. Hakuna aliyeruhusiwa kushika mbegu moja na mimi kabla sijanyolewa.

Nikachimba mstari mzima hadi mwisho wa shamba. Nikaliweka jembe chini. Nikarudi mwanzo wa mstari, nikachukua mbegu, nikaanza kujifuata mwenyewe.