Bi Chiku na Mpira wa Puani

"Shangazi, ulimwimbia nini daktari?"

Shekha aliuliza swali hilo mwaka wa themanini na tatu, akiwa darasa la nne, siku shangazi yake Bi Chiku aliporudi Malindi kutoka hospitali huko Mombasa, na waliomsindikiza wakatangaza kwamba daktari kamwimbisha. Bi Chiku alimtazama, akaweka kidole mdomoni. Alikuwa amekatazwa kusema, hata kunong'ona.

Mji mzima ulimjua kwa sauti. Arusi isiyo na Bi Chiku wa kuongoza vugo, wanawake wakigonga pembe zao na kumwitikia, ilikuwa pilau isiyo bizari. Halafu sauti ikaanza kukwaruza. Kwenye arusi moja pale Shela ilimkatikia katikati ya ubeti, waitikiaji wakabaki wamezishika pembe hewani. "Kijicho hicho," wakasema mashoga zake, wakamtafunisha tangawizi na karafuu mpaka ulimi ukafa ganzi. Wapi! Alichokiogopa hakukisema: kwamba kuna kitu kinaota mle kooni, na kwamba hataimba tena.

Ya hospitalini aliyasimulia baadaye, akishaweza kusema, na Shekha hakuchoka kuyasikiliza. Kwanza daktari, mgeni kutoka ng'ambo, alimvuta ulimi kwa kitambaa, akaingiza kijiti cha chuma chenye taa mdomoni mpaka nyuma kabisa. Akamtaka aseme "eee". Hapo Bi Chiku hutoa macho na kujishika tumbo. "Eee yenyewe ilitoka kama ya mbuzi wa Idi!"

Daktari aliona vizuri, picha kubwa, angavu: vinundu viwili vidogo kwenye nyuzi za sauti. Lakini mtu aliyeshikwa ulimi haimbi, naye alitaka kuziona zile nyuzi zikiwa kazini.

Ndipo akatoa mpira mwembamba kama utambi, wenye taa nchani. Akampulizia dawa ya ganzi puani, akausukuma taratibu ukateremka nyuma ya kaakaa. "Unatoa machozi, lakini hauumi," Bi Chiku husema. Picha ya huu ilikuwa ndogo, na ukungu kidogo. Ila mdomo u huru.

"Mama, anasema uimbe," nesi akafasiri. Nyaboke ndilo jina lake, mtu wa bara.

"Niimbe? Nyimbo za vugo, mbele ya mwanamume? Na mkia huu wa panya puani?"

"Huyu haelewi hata neno 'karibu', mama."

"Mungu anaelewa."

Nyaboke akacheka, akaenda kufunga mlango. "Basi imba, mimi nitakuitikia. Kwani Kisii hatuolewi?"

Bi Chiku akaimba. Sauti ilipopanda, daktari aliona vinundu vikigusana kabla ya nyuzi kufungana, na upepo ukiponyoka pembeni. Si uvimbe mbaya, akasema. Hakuna kisu. Dawa yake ni kunyamaza.

Akanyamaza msimu mzima wa arusi, yeye aliyekuwa akigombeza hata kuku. Sauti ikarudi, nzito kuliko zamani. Wako waliosema imeharibika, wako waliosema sasa ndiyo imeiva.

Lakini ule wimbo aliuruka kila aliposimulia. Shekha alikuwa kidato cha pili, anachora koo kwa somo la biolojia, alipomwuliza njia ipi bora, mdomo au pua.

"Mdomoni aliliona koo. Puani aliliona likifanya kazi. Kila moja na yake," akajibu Bi Chiku, akichambua mchele.

"Na wimbo, shangazi?"

Bi Chiku akauweka ungo kando.

"Wa kumtoa bibi arusi. Mimi niliolewa matanga ya baba hayajaanuliwa, mwanangu. Haikugongwa hata pembe moja. Nimewaimbia mabinti wa Malindi nzima. Pale kitini nikaona sauti yenyewe inakwenda zake. Nikasema basi, na mimi niimbiwe."