Mgongo wa Mama Kwenye Filamu ya Kombo

Harufu iliyonibakia kutoka mwaka ule ni ya kitambaa cheusi kikipigwa pasi ya mkaa. Umeme ulikuwa ukikatika kila siku Kikwajuni, na mama yangu, Bi Zuhura, fundi wa kushona nguo za kike, alikuwa na pasi nzito ya chuma aliyoijaza makaa ya vifuu. Buibui jipya likipata moto hutoa harufu kali kidogo, ya rangi na ya dukani, na chumba chetu cha mbele kilinukia hivyo tangu asubuhi hadi alasiri. Nilikuwa na miaka kumi. Nyumba ilikuwa ya Bibi, Bi Mize, mama yake baba, na sisi wengine tuliishi humo kwa radhi zake. Baba alifanya kazi Pemba, akija mwisho wa mwezi, kwa hiyo siku nyingi tulikuwa wanawake watatu: Bibi na tasbihi yake uani, mama na cherehani yake mbele, na mimi katikati nikitumwa na wote wawili.

Mwaka huo ndipo Kombo alipoingiwa na wazimu wa kutengeneza filamu. Kombo alikuwa na kibanda Ng'ambo cha kutengeneza redio na televisheni, na mwisho wa wiki akipiga video za harusi, upande wa wanaume. Aliyeshika kamera alikuwa rafiki yake Fadhili, fundi umeme, mtu mpole ambaye wazazi wake walitoka bara, na ambaye Jumapili hakupatikana mpaka misa iishe. Mwigizaji mkuu alikuwa Rukia, mwalimu wa chekechea, msichana mwenye macho makubwa ambayo kila mtu mtaani aliyasifia mpaka yeye mwenyewe akachoka. Hawakuwa na mfadhili wala ofisi. Kila mmoja alikuwa na kazi ya kumpa chakula, na filamu waliifanya alasiri, kazi zikiisha. Kisa chake kilikuwa chepesi: mwanamke anamtafuta mumewe aliyeondoka bila kuaga, anazunguka mji mzima akiulizia. Mama ndiye aliyeshona nguo zote, pamoja na buibui na nikabu ambazo mwanamke yule anazivaa kuanzia katikati ya filamu, anapoona haya kutambuliwa.

Filamu ilipofika nusu, Rukia akachumbiwa. Watu wa upande wa mume walikuja na masharti yao, na la kwanza lilikuwa kwamba mambo ya kamera yaishe siku hiyo hiyo. Kombo alikuja kwetu akaketi kwenye kigoda, amejiinamia, akamwambia mama kwamba kazi ya miezi minne imekufa. Kisha akalitazama lile buibui lililotundikwa ukutani. Sehemu iliyobaki ilikuwa ya kutembea tu, uso umefunikwa, kamera ikimfuata mtu kwa nyuma. Mama na Rukia walikuwa wa kimo kimoja. Kombo akasema kwamba ndani ya buibui wanawake wote ni sawa, hakuna atakayejua. Hayo ni maneno ya mwanamume, na nilikuwa mdogo lakini nilimwona mama akijizuia kucheka.

Tatizo lilikuwa Bibi. Tangu siku ya kwanza aliposikia habari za filamu alisema neno moja tu, akalisema kwa upole, na hiyo ndiyo iliyotisha: mke wa mwanawe akitiwa kwenye filamu, atarudi kwao Nungwi na cherehani yake. Sote tulijua kwamba Bi Mize hasemi kitu asichokitenda. Baba hakuwahi kumpinga mama yake hata katika rangi ya mlango. Basi mama akijua fika alichokiweka rehani, nyumba, ndoa na mimi mwenyewe, alimkubalia Kombo. Hakuniambia kwa nini. Nadhani alitaka tu, kwa namna mtu anavyotaka kitu kimoja maishani bila kuweza kukieleza, na mpaka leo nampenda kwa hilo.

Alasiri tatu tulitoka pamoja, mimi nikibeba mfuko, na Bibi akaambiwa tunapeleka nguo za wateja Mji Mkongwe. Uongo huo niliusema mimi, kwa sababu mama ulimshinda mdomoni. Kwenye vichochoro vya Hurumzi alivaa nikabu nyuma ya mlango wa mtu, akatembea, na Fadhili akamfuata na kamera begani, akimsihi kwa sauti ya chini, "Bi Zuhura, usigeuke tu." Mama alikuwa na mwendo wake. Miaka ya kukanyaga cherehani ilimfanya autupe mguu wa kulia nje kidogo, na kila hatua chache alipunguza mwendo, kisha akaenda mbio kufidia. Kombo alimwambia aende taratibu kama Rukia. Alijaribu, masikini, hatua tatu nne, kisha mguu ukarudia mambo yake. Siku ya tatu, karibu na Darajani, mwanamke mmoja alipita nyuma yetu akaita, "Bi Zuhura, gauni langu lini?" bila hata kusimama. Kombo akakasirika akarudia picha ile, lakini hakujiuliza yule mwanamke alimjuaje mtu asiyeonekana hata ukucha.

Filamu ilionyeshwa Jumapili moja alasiri katika ukumbi wa skuli, madirisha yamezibwa kwa mablanketi. Wanaume kulia, wanawake kushoto. Hatukudhani Bibi angekwenda, lakini alivaa viatu akatoka, akasema anataka kuona huo upuuzi ukoje, akaketi safu ya mwisho kwa ajili ya goti lake na mimi ubavuni pake. Mama alikaa mbele kabisa, akijifanya anamsaidia Kombo. Nusu ya kwanza watu walimsifu Rukia. Kisha likatoka buibui. Mwanamke alitembea kwenye kichochoro, mguu wa kulia nje, taratibu, halafu mbio kwenye ngazi. Minong'ono ikaanza upande wetu. Mmoja akasema mbona Rukia kabadilika mwendo. Mwengine, jirani yetu wa nyumba ya tatu, akasema kwa sauti ya kusikika, "Huyo si Rukia. Mguu huo mie nnaujua."

Nilimtazama Bibi. Alikuwa ameikazia macho picha, tasbihi imesimama mkononi. Nilijua kwamba ameshajua, pengine kabla ya wote, maana mwendo ule aliusikia nyumbani mwake kila siku kwa miaka kumi na mbili. Jirani alikuwa amefungua mdomo ataje jina. Bibi akasema, kwa sauti yake ile ya upole, "Rukia huyo. Kavaa viatu vipya vinambana. Alivinunua Darajani, na mimi nlikuwepo." Huyo ni Bi Mize, ambaye aliwahi kurudi sokoni kwa mguu kumwambia muuza ndimu kwamba amemzidishia ndimu moja. Jirani akafunga mdomo, na ukumbi ukatazama filamu mpaka mwisho.

Nyumbani Bibi alirudi kwenye tasbihi yake uani. Mwisho wa mwezi baba alikuja, na mama hakula siku mbili kwa kungojea. Bibi alimpakulia mwanawe samaki, akamuuliza habari za Pemba, akaenda kulala. Ilipita wiki nyingine. Siku moja mama akiwa kwenye cherehani, Bibi alisimama mlangoni akamwita.

"Zuhura."

"Abee, mama."

"Pale kwenye ngazi ulikwenda mbio. Mtu aliyekimbiwa na mumewe hendi mbio vile. Huchelewa, maana hataki kufika akaambiwa hayupo."

Akarudi uani kwake. Babu yetu aliondoka Unguja, asirudi tena, baba akiwa bado ananyonya, na hiyo ndiyo siku pekee niliyomsikia Bibi akilikaribia jambo hilo.

Leo Kombo ana kitambi na kamera inayoruka. Hupiga matangazo ya mahoteli ya Kiwengwa, mabwawa ya kuogelea na wageni wanaofunga ndoa pekupeku mchangani, na anapata riziki nzuri. Fadhili alihamia Dar es Salaam, akapiga picha za habari kwa miaka mingi, sasa anafundisha vijana. Rukia ni mwalimu mkuu. Hakuigiza tena, na mumewe, yule yule wa masharti, huwaonyesha rafiki zake kipande cha filamu kwenye simu na kujigamba. Mimi ni mhariri wa filamu. Wasichana wa Kikwajuni siku hizi hujipiga video mlangoni mwao mchana kweupe, nyuso wazi, majina yao yameandikwa juu kwa rangi, na bibi zao wamo ndani ya video wakicheka. Siwalaumu hata kidogo. Nawaonea wivu kwa niaba ya mama.

Mwaka huu Kombo alizikuta kanda za zamani, akaniletea nizisafishe ili filamu ionyeshwe upya. Orodha ya majina mwishoni mwa filamu haikuwa na jina la mama, na safari hii nilikusudia kulitia. Nilimkuta akimtungisha mjukuu uzi kwenye sindano, macho yake hayamsaidii tena. Nikamweleza.

"Mimi niache," alisema. "Mtie bibi yako, Mungu amrehemu."

Nikamwambia Bibi hakuigiza.

"Hakuigiza? Siku ile mule ukumbini nani aliigiza kuliko yeye? Mimi ningelala Nungwi, na wewe ungelelewa na mama wa kambo."

Alisema hivyo akicheka, kisha akajifuta macho kwa upindo wa kanga, na mimi nikalia waziwazi. Niliporudi kazini niliandika Mize binti Juma miongoni mwa waigizaji. Kesho yake Kombo akanipigia simu, akaniuliza huyo Mize binti Juma ni nani, mbona hamkumbuki, aliigiza wapi. Nikamhadithia yote, tangu mguu wa mama mpaka viatu vilivyobana, na kwamba ukumbi mzima ulijua isipokuwa upande wa wanaume. Kisha akaniambia jina hilo nilipandishe, liwe juu ya lake.